Kumhamisha Kobe

1

Asubuhi ile Nyamizi alikuwa mkekani anasafisha kipuli cha Bibi kwa pamba yenye mafuta ya nazi, kazi anayoifanya kila siku kabla hata hajanawa uso wake mwenyewe. Kipuli chenyewe ni kidogo kama punje ya mahindi, rangi ya shaba. Ukikiona hivi hivi utasema ni pambo tu, bibi wa watu anajipenda. Kumbe ndimo inamotokea ile sauti inayomwambia Bibi huyu anayeingia ni nani, leo siku gani, dawa ameshameza au bado.

"Lete sikio, Bibi."

"Polepole, mke mwenzangu. Wivu wako huo utanichana."

Bibi Kulwa amemwita hivyo tangu Nyamizi hajaota meno. Babu Maganga ni mume wao wawili, ndivyo utani wa bibi na mjukuu ulivyo, na Bibi kasahau mengi duniani lakini utani haujamtoka.

Kipuli kikaingia mahali pake. Chini ya meza, Kobe akakoroma.

Kobe ni kompyuta. Aliletwa nyumbani miaka tisa iliyopita, Bibi alipoanza kusahau sufuria jikoni mpaka zinaungua. Jina lake la kazi ni Mkumbushi, na kila nyumba yenye mzee wa kusahau ilipewa wa kwake, lakini huyu alikuwa mzito wa kuamka, basi wakamwita Kobe. Sasa feni yake ikakwaruza, ikakwaruza tena, halafu kimya. Taa ya kijani ikazimika.

Hii ilikuwa mara ya tatu wiki hii. Nyamizi akapiga magoti, akabonyeza kitufe, akasubiri. Nyuma yake mkeka ukachakarika.

"We binti." Sauti ya Bibi ilikuwa imebadilika, ile ya kuongea na mtu usiyemjua. "Mtoto wa nani wewe? Umeingiaje chumbani kwangu?"

"Ni mimi, Bibi. Nyamizi."

"Nyamizi ni mdogo, yuko mgongoni kwa mama yake. Usinichezee akili. Maganga! Maganga wee, njoo kuna mtu humu ndani!"

Nyamizi ni mtu wa sauti ndogo. Shuleni akijibu swali, darasa zima hugeuka kuulizana amesema nini. Sasa hata hiyo ndogo ikakata. Bibi alikuwa amejibana kwenye kona, ndala moja ameishika mkononi kama panga, na Nyamizi akabaki amepiga magoti hivyo hivyo, anaogopa hata kugeuza shingo asije akamtisha zaidi. Dakika nne nzima. Alizihesabu.

Taa ikawaka. Uso wa Bibi ukalegea taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali.

"Aa, mke mwenzangu. Mbona umenikodolea macho? Na hii ndala ya nini?" Akaitupa chini. "Mume wetu yuko wapi?"

Hilo swali halikuwa la Nyamizi. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kipuli, anasikiliza. Nyamizi hakusikia kitu, ila jibu alilijua neno kwa neno, maana yeye ndiye aliyeliandika: Amekwenda Urambo kwenye mizinga yake. Atarudi Ijumaa.

"Urambo," Bibi akasema, ameridhika. "Wale nyuki wanamfaidi kuliko sisi."

Babu Maganga alikuwa kaburini mwaka wa tatu huu.

2

Kompyuta mpya ilikuwa chini ya kitanda wiki ya tatu sasa, kwenye boksi lake, haijafunguliwa. Yule dada wa ofisi ya wazee aliiacha mlangoni na karatasi ya maelezo, akasema kila mwenye Mkumbushi wa zamani anabadilishiwa, wahamishe diski wenyewe, ni rahisi tu.

Nyamizi alisoma karatasi ile mara moja, akalisukuma boksi na mguu mpaka ukutani, akamwandikia Shangazi Havijawa.

Shangazi ndiye mkubwa wa nyumba, ila nyumbani hayupo. Yuko juu, kwenye kituo cha Kilimia, fundi wa mabomba ya wale wanaolima mboga huko angani, mkataba wa miezi kumi na nne. Kilimia kikipita juu ya Tabora, ujumbe unapanda na kushuka kwa dakika kumi hivi, halafu basi mpaka mzunguko mwingine. Jibu la Shangazi lilikuwa fupi: Usiiguse mpaka nirudi. Kobe atavumilia.

Kobe ndiye huyo, hajavumilia.

Nyamizi akamwomba Bi Siwema wa nyumba ya pili akae na Bibi uani, mwenyewe akakimbia hadi kwa fundi Msafiri nyuma ya soko la Kiloleni.

"Kobe wenu bado anapumua?" Fundi alikuwa ameinamia redio ya mtu, moshi wa risasi ya kuunganishia waya unamwingia puani. "Yule si wa kutengeneza, mdogo wangu. Yule wa kusomewa hitima."

Nyamizi akauliza kitu.

"Sema kwa sauti, mimi sing'ati."

"Nasema, ni bodi au diski?"

"Bodi. Feni imekufa, bodi inaungua, na joto lote linapanda kwenye diski. Diski yenyewe bado nzima, ila mkiendelea kumwasha-washa hivyo mtaikaanga. Itoe leo. Skrubu nne, waya mbili. Ichomeke kwenye mpya, bibi yako atakuwa na kila kitu chake."

"Kila kitu?"

Fundi akainua macho. Akaweka chuma chake pembeni. "Kuna neno la uongo humo?"

Nyamizi akaangalia vidole vyake vya miguu.

Hakukuwa na haja ya kueleza, Tabora nzima inajua. Zamani wajanja walikuwa wanaingia kwenye Mkumbushi wa wazee wanawanong'oneza: shamba ulishaliuza, huyu aliyekuja ndiye mwanao wa kwanza, weka dole gumba hapa. Wazee wakaweka madole gumba. Kuna waliofia kwenye baraza za watu. Ndipo ikaja Kanuni ya Neno la Kweli. Kompyuta mpya haimwambii mzee jambo ambalo yenyewe inajua si kweli, na ikipewa diski ya zamani inaipitia yote, inailinganisha na daftari za serikali, za vifo, za ndoa, za viwanja. Na nakala hakuna. Kumbukumbu za mtu zinakaa kwenye diski moja, nyumbani kwake, mwisho.

"Naweza kukuwekea daraja," fundi akasema chinichini. "Kidude kama kiberiti. Kinakaa kati ya diski na kompyuta, nayo kompyuta inaona tu kile tunachotaka ione. Nimewafanyia wengi tu, na wazee wao wamelala usingizi."

"Daraja linashikwa na nani?"

"Na mimi. Nani tena?"

"Kwa hiyo wewe... yaani ukitaka, unaweza kumwambia Bibi chochote."

"Sasa mimi nimwambie bibi yako nini, nimtongoze?" Akacheka peke yake.

"Na ukifa?" Nyamizi alishangaa kusikia ni yeye anasema. "Au hicho kidude kikiibiwa?"

Fundi akajikuna kidevu, akamwangalia kama anamwona leo. "Kumbe una maneno. Haya, nenda kaitoe hiyo diski kabla haijaungua. Gusa chuma kwanza, umeme wa mwilini ukutoke. Na ujue, ukishaichomeka kwenye mpya, Kobe hataisoma tena. Hakuna kurudi."

3

Alimzima Kobe saa saba na robo. Uani Bibi na Bi Siwema walikuwa wanachagua michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kwenye ungo, wanabishana kama wadudu wa mwaka huu ni wengi kuliko wa mwaka jana. Nyamizi akashika bomba la maji kwa kiganja kizima, akahesabu mpaka kumi, akarudi chumbani na bisibisi.

Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ilikuwa na kutu.

"Maganga!" Bibi akaita kutoka uani. Bi Siwema akamtuliza kwa kitu, wakaendelea.

Mambo yalianza hivi. Babu alipofariki, Shangazi alimwandikia Kobe maneno matatu: Mumeo Maganga amefariki. Basi. Hakuna aliyefikiria zaidi, nyumba ilikuwa imejaa watu na masufuria ya kuazima. Bibi akakaa eda kama inavyotakiwa, akavua bangili, akavaa nyeupe, akaingia chumbani. Miezi minne na siku kumi, mwanamke mzima anajua kuhesabu.

Ila kila asubuhi Bibi aliamka hajui. Aliuliza mume wangu yuko wapi, Kobe akamwambia yale matatu, na Bibi akaangua kilio cha mtu aliyefiwa muda huo huo, akatafuta bangili za kuvua, hazipo, akashangaa nani kamvua. Kwake kila siku ilikuwa siku ya kwanza. Siku ya mia na thelathini wanawake walikuja na maji ya kumtoa eda, na udi, na khanga mpya. Bibi aliwafukuza na mwiko. "Mume wangu kafa jana, leo mnanitoa? Mna haraka gani, mmemwona wa kuniozesha?" Wakaondoka, wengine wanacheka, wengine wanalia, na hakuna aliyerudi kumtoa.

Mwezi wa tano. Wa sita. Bibi hatoki ndani, miguu imevimba, hospitali haendi hata alipoambiwa mjane mgonjwa anaruhusiwa. Shangazi alikuwa ameshakwenda kwenye mafunzo ya Kilimia. Kwenye simu alisema, "Nyamizi, fanya unavyojua, ila mama asilie tena." Nyamizi alikuwa na miaka kumi na nne.

Skrubu ya tatu. Ya nne ikaanguka na kubingirika chini ya kabati, akaiacha. Akachomoa waya ya umeme, halafu ile bapa. Diski ikatoka na joto la mkate uliotoka tanuri. Akaibeba kwa mikono miwili. Miaka tisa ya Bibi, majina ya wajukuu kumi na saba, jinsi anavyotaka chai yake, wimbo wa kumtuliza radi ikipiga, vyote havizidi uzito wa kitabu cha hesabu.

Alikosa tundu la kompyuta mpya mara mbili. Ya tatu ikaingia, tak.

Kompyuta mpya haikukoroma wala nini. Iliwaka kimya, na baada ya dakika chache ikasema kwa spika yake, sauti ya mwanamke asiye na haraka:

"Nimeona diski. Mwenyewe ni Kulwa Shabani. Kumbukumbu elfu arobaini na moja, zote nzima. Moja hailingani na daftari la vifo."

Nyamizi akakaa chini.

"Mwenyewe alielezee jambo hili kwa maneno yake kabla ya jua kuzama. Asipofanya hivyo, nitaifuta na kujaza kutoka daftarini. Itasomeka: Mumeo Maganga amefariki."

Yale yale. Matatu yale yale.

"Kuna sauti mbili za mwenyewe zinazohusu jambo hili," kompyuta ikaendelea. "Nazicheza."

Ya kwanza ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Bibi wa wakati ule, sauti kavu, ya mtu anayejua bei ya kila kitu sokoni. "Andika, wee mashine. Wanasema nitasahau. Haya, nitasahau. Ila mimi nisidanganywe. Hata nikilia, niacheni nilie. Kulia si ugonjwa."

Ya pili Nyamizi aliijua kabla haijaanza, akaziba masikio, na bado akaisikia. Siku ile ya kuandika Urambo, Kobe alikuwa amegoma. Alisema mwenyewe alikataza uongo, je, amebadili mawazo, ajibu kwa mdomo wake. Na Nyamizi, mtoto asiyeweza kuomba chaki darasani, alisogeza kinasa sauti karibu na mdomo wa Bibi akauliza: "Bibi, nikuletee chai ya tangawizi?"

"Ndiyo, mwanangu," ikasema sauti ya Bibi.

"Ridhaa hii haihusiani na swali," kompyuta ikasema. Haikulaumu, haikupandisha sauti. Ilisema tu. Nyamizi angetamani imgombeze.

4

Kilimia kingepita saa kumi na moja na kitu. Angeweza kumsubiri Shangazi aamue. Lakini Shangazi angesema nini? Angesema weka daraja. Au angesema kwa nini umegusa. Na Bi Siwema alikuwa ameshachungulia mara mbili kusema ng'ombe wake hawajanywa maji.

Akatoka uani. Bi Siwema akaaga. Bibi alikuwa amebaki na ungo mapajani, kipuli sikioni, kimya kwa sababu bado hakuna wa kusema ndani yake. Alimwangalia Nyamizi muda mrefu, anamtafuta.

"Mke mwenzangu," akasema mwishowe, kama anajaribu ufunguo.

"Naam, Bibi." Akakaa karibu mpaka magoti yakagusana. "Bibi, nina neno. Kuhusu mume wetu."

"Ana nini? Kachelewa tena na nyuki zake?"

"Hayuko Urambo."

"Basi kapata mwanamke. Mwambie arudi, sisi wawili hatumtoshi?"

Nyamizi akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka njiani. Alijua akisema kwa sauti yake ya darasani Bibi atamwambia arudie, na kurudia hataweza. Akavuta pumzi.

"Bibi, mume wetu amefariki."

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya michembe.

"Nani?"

"Babu. Maganga."

Bibi hakupiga ukelele. Nyamizi alikuwa amejikaza kuusubiri na haukuja. Midomo ikasogea, Inna lillahi, ikamalizia chini kwa chini. Kisha machozi yakaanza kushuka yenyewe, wala hayafuti, na akauliza kwa sauti ya kuuliza habari za mtu:

"Alikuwa amekula?"

"Alikula. Ugali na mlenda. Akaomba maji, akasema ya mtungini, si ya bomba."

"Ya bomba hayataki. Nani alimwosha?"

"Mzee Hamimu na wajomba. Mlango ulifungwa, mimi nilikuwa nje nashika ndoo."

"Mvua?"

"Ilinyesha kidogo, wakati wanarudi."

Akauliza na mengine. Kaburi liko upande gani. Nani alikuja kutoka Nzega, nani hakuja. Yalikuwa maswali ya kawaida ambayo kipuli hakikuwahi kuulizwa, kwa sababu kipuli kilisema matatu na kunyamaza, nawe huwezi kulishika shati neno lililokwishaingia sikioni ukaliambia haya nieleze. Nyamizi alijibu yote. Asilolijua alisema silijui.

Halafu Bibi akaangalia gauni lake la maua, akashtuka. "Yarabi, nimevaa hivi, mume wangu amekufa?" Akaanza kuvuta bangili. "Nitolee nyeupe. Nifunge mlango. Leo siku ya kwanza."

Ndiyo hiyo aliyokuwa anaiogopa. Nyamizi akazishika zile bangili, mkono wake juu ya mkono wa Bibi.

"Bibi, ulishakaa."

"Nilikaa wapi?"

"Eda. Ulikaa miezi saba. Ulikaa ukapitiliza."

"Saba! Nina wazimu mimi?" Akamtazama usoni kama anatafuta uongo. Nyamizi hakuinamisha macho, ingawa shingo ilimwuma kwa kutaka. "Na nani alinitoa?"

"Hakuna. Walikuja kukutoa, ukawafukuza na mwiko."

"Mimi?"

"Ulimwuliza Bi Siwema kama amekuonea wa kukuoa."

Kitu kikamtoka Bibi, nusu kilio nusu kicheko, akajifuta pua na ncha ya khanga. "Siwema anastahili," akasema. Kisha akatulia. "Kwa hiyo bado nimo. Miaka yote hii nimo tu, hakuna aliyenitoa."

Nyamizi hakujua kama ni swali. "Mimi nitakutoa," akasema.

"Mtoto hamtoi mtu eda. Inataka mwanamke mtu mzima."

"Mimi si mtoto, Bibi. Mimi mke mwenzako."

Bibi akamtazama. Akacheka, safari hii kicheko kizima, mpaka ungo ukamwaga michembe. "Mshenzi wewe," akasema. "Haya. Kachemshe maji."

Akachemsha. Akamwogesha Bibi kwenye banda la bafu, mgongo, mabega, miguu ile iliyowahi kuvimba, Bibi analalamika maji ya moto, wanataka kumnyonyoa kama kuku. Khanga mpya hakuwa nayo, akatoa ya kwake mwenyewe aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mahafali. Udi uliobaki kwenye kopo ulikuwa wa vumbi tu, lakini ulitoa moshi. Jua lilikuwa limeshainama walipoingia chumbani na kukaa mbele ya kompyuta.

"Kulwa Shabani," ikasema. "Mume wako Maganga yuko wapi?"

"Na wewe ndiye nani wa kuniuliza habari za mume wangu?"

"Mimi ni Mkumbushi."

Bibi akamgeukia Nyamizi. Nyamizi akabana midomo. Neno lake lolote hapo lingekuwa chai ya tangawizi ya pili.

"Haya basi, kumbuka," Bibi akasema, polepole, kila neno analiweka chini kama anapanga vyungu. "Mume wangu Maganga amekufa. Alikuwa amekula. Hamimu ndiye aliyemwosha. Nimekaa eda, nimepitiliza. Leo mke mwenzangu amenitoa, na maji yalikuwa ya moto mno."

"Nimepokea. Ukiuliza, nitakuambia hivyo."

"Kwa maneno hayo hayo?" Nyamizi akauliza.

"Hayo hayo."

Taa ndogo ya buluu ikawaka kwenye kipuli. Bibi akajilaza kitandani na khanga yake ya mahafali, akasema mifupa imelainika, na kabla Nyamizi hajamvuta shuka alikuwa ameshalala.

5

Kilimia kilianza kuonekana kwenye simu saa kumi na moja na dakika ishirini. Nyamizi alikuwa amekaa kizingitini, ameandika na kufuta mara nne. Mwisho akaandika mfululizo, asisome alichoandika:

"Shangazi shikamoo. Nimemhamisha Kobe. Najua ulikataza. Diski ilikuwa inaungua na Bibi asubuhi hakunijua. Nimemwambia kuhusu Babu, mimi mwenyewe, kwa mdomo. Amelia lakini si kama zile siku. Nimemtoa eda. Ile ya Urambo nilimwibia ile 'ndiyo' yake, sikuwahi kukuambia, aliagiza asidanganywe na mimi nilisikia agizo nikafanya hivyo hivyo. Sasa hivi kalala. Akiamka atakuwa hakumbuki na atauliza, na mashine itamwambia alivyosema mwenyewe. Sijui kama yatamtosha au ndiyo nimemrudisha siku ya kwanza. Naomba uniambie kama nimekosea. Hata kama nimekosea niambie tu."

Akatuma. Ukapanda. Alama moja, halafu ya pili. Halafu zikageuka rangi: Shangazi ameusoma.

Nyamizi akasubiri maandishi. Dakika tatu, tano. Alimfikiria Shangazi huko juu na spana mkononi, baba yake ni huyo huyo Maganga, mama yake ni huyu aliyelala hapa. Dakika nane. Alama ya Kilimia ikaanza kufifia pembeni mwa kioo, upande wa Ziwa.

Ndani kitanda kikalia. Bibi alikuwa ameamka.

"Mume wetu yuko wapi?" akauliza.

Hakuwa anamuuliza Nyamizi. Sauti ilikuwa ile ya kuinamisha kichwa upande wa kipuli.

Nyamizi akasimama nje ya pazia, kalishika lakini hakulifungua. Alichojibu kipuli hakukisikia. Alisikia Bibi amenyamaza. Yale maneno ni mafupi, yangekuwa yameshakwisha, hata yangerudiwa mara mbili yangekuwa yameshakwisha, na Bibi bado amenyamaza. Akaitazama simu. Kilimia kilikuwa kimeshapita, na chini ya ujumbe wake hapakuwa na kitu.